Vidonge vya Kila Mwezi: Je, Kikundi Kinunue?

Maneno ya wahudumu wa afya mbele ya wanavikundi wa Kitui na Makueni

 Akina mama tunawashukuru kwa kufika mapema. Na nyinyi akina baba mliokaa huko nyuma karibu na mlango, sogeeni mbele. Habari ya leo inawahusu pia, na mtaona kwa nini.

Kikundi kimoja cha akina mama kimetuletea swali, na kimetuomba tulijibu mbele ya vikundi vyote, si kwa kunong'onezana. Wanasema hivi. Wengi wao wanasumbuliwa na majimaji yenye harufu kutoka ukeni. Wakienda zahanati wanapewa vidonge, wanapata nafuu wiki chache, halafu shida inarudi palepale. Sasa wamesikia kwamba huko Mombasa madaktari waliwahi kujaribu kuwapa wanawake dawa kila mwezi, awe mgonjwa au asiwe, na ugonjwa ukapungua. Basi wanauliza: sisi tuna pesa kidogo kwenye sanduku la kikundi, kwa nini tusinunue mkebe mzima wa vidonge kutoka duka la dawa, kila mama ameze wake siku ya mkutano, tumalize maneno?

Hilo si swali la kuchekwa. Limefikiriwa, na tena hiyo habari ya Mombasa ni ya kweli. Kwa hivyo hatutasema "hapana" na kuketi. Tutaeleza kwanza ugonjwa wenyewe, kisha yale yaliyojaribiwa, na mwisho turudi kwenye sanduku.

Ugonjwa huu ni upi

Ndani ya uke wa mwanamke mzima kuna vijidudu vingi, na si vyote ni vibaya. Kuna vile vya kulinda. Ni ndugu wa vile vinavyogeuza maziwa kuwa mala kwenye kibuyu. Vinatengeneza asidi, na asidi hiyo inazuia vijidudu vingine visistawi. Wakati mwingine hawa walinzi hupungua, asidi nayo inapungua, na vijidudu vya aina nyingine vinajaa. Hapo ndipo mama huona majimaji mepesi ya rangi ya kijivu au meupe, na harufu kama ya samaki, hasa baada ya kukutana na mumewe. Madaktari huita hali hii vajinosisi ya bakteria. Sisi leo tutasema vajinosisi tu.

Si ugonjwa wa watu wachache. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya wanawake 100 walio katika umri wa kuzaa, kama 23 hadi 29 wanayo. Rakai, huko Uganda, wanawake zaidi ya 4,700 wa vijijini walipimwa katika miaka ya 1990, na karibu nusu yao wakakutwa nayo. Nusu! Tena wengi wenye hali hii hawaoni dalili yoyote. Mama anakaa nayo, hajui.

Kwa hivyo ile tabia ya kusema kwamba mama mwenye harufu ni mchafu, au ni lazima ametoka nje ya ndoa, tuiache hapa leo. Kuna akina mama wamerudishwa kwa wazazi wao kwa sababu ya jambo hili. Wengine wamepigwa. Na wakati huohuo hakuna mtu anayeweza kumwangalia mama na kujua kwa macho kama ni vajinosisi, au ni trikomonasi, au kisonono, au fangasi. Fangasi mara nyingi inawasha sana na uchafu wake ni mzito kama maziwa yaliyokatika, lakini hata muuguzi wa miaka mingi anaweza kukosea akitegemea macho peke yake. Darubini ndiyo inayojua.

Je, tuiache tu kwa kuwa ni ya kawaida? Hapana. Wanawake wenye vajinosisi huambukizwa virusi vya ukimwi kwa urahisi zaidi. Tafiti nyingi zikiwekwa pamoja zinaonyesha hatari inapanda kwa kama asilimia 60. Na kwa mama mjamzito, hali hii imeonekana kuandamana na kuzaa kabla ya siku. Mtu anayeishi Mutha, na hospitali iko mbali kule Mutomo, anajua maana ya mtoto kuja kabla ya siku zake.

Dawa ipo. Ni metronidazoli, ile wengi mnaijua kwa jina la Flagyl. Ilianza kutumika karibu mwaka 1960 kwa kutibu trikomonasi, na baadaye ikaonekana inaweza pia vajinosisi. Kwa kawaida unameza asubuhi na jioni kwa siku saba. Inaleta kichefuchefu na ladha ya chuma mdomoni, na hapo ndipo wengi huacha siku ya tatu. Au mama anagawana na dada yake, kila mmoja nusu. Tunajua mnafanya hivyo, msitazame chini.

Lakini hata aliyemaliza siku saba zote, vizuri kabisa, bado anaweza kurudiwa. Wanawake waliofuatwa na watafiti wa Australia baada ya matibabu, zaidi ya nusu walirudiwa ndani ya mwaka mmoja. Kwa hivyo akina mama waliouliza swali hawajakosea kitu, na muuguzi wao hajawapa dawa mbovu. Dawa inaua vijidudu vibaya, lakini haiwarudishi wale walinzi wakae imara. Ndiyo maana watafiti wamehangaika na majaribio moja baada ya jingine.

Kujaribu dawa ni kama kujaribu mbegu

Mnakumbuka jinsi tunavyojaribu samadi kwenye shamba la kikundi. Hatuweki samadi shamba lote halafu tuseme, "Ona, ndengu zimekubali!" Pengine ni mvua. Pengine ni udongo wa pale bondeni. Tunagawa shamba moja vipande viwili, siku moja ya kupanda, mbegu ileile, palizi ileile. Kipande kimoja tunaweka samadi, kingine hatuweki. Hapo ndipo tunaweza kusema neno.

Dawa ni vivyo hivyo. Ukimpa mama dawa akapona, huwezi kujua kama angepona mwenyewe, kwa maana vajinosisi wakati mwingine huondoka bila dawa. Kwa hivyo watafiti hugawa watu makundi mawili. Wanagawa kwa bahati nasibu, kama tunavyookota namba za mchango wa mzunguko kwenye kofia, ili asije mtu akaweka wenye afya upande mmoja na wagonjwa upande mwingine. Kundi moja linapata dawa. Kundi la pili linapata vidonge vinavyofanana lakini ni vitupu, havina dawa ndani. Mama hajui ana vipi, na mara nyingi hata muuguzi anayempa hajui. Mwishoni ndipo orodha inafunguliwa.

Hapo mama mmoja alituuliza, "Sasa yule wa vidonge vitupu si anaachwa augue?" Ni haki kuuliza. Jibu ni kwamba katika jaribio linaloendeshwa inavyopaswa, mama akiugua anatibiwa kama kawaida, hata kama yuko kundi la vitupu. Kinachopimwa ni kama dawa ya ziada inazuia asiugue tena. Ukisikia jaribio ambalo mgonjwa anaachwa hivihivi ilhali dawa ipo, toka mbio na upige ripoti.

Hapa Ukambani kulinganisha kwa namna hii kumewahi kutusaidia, ingawa haikuwa kujaribu dawa. Mwaka 2004 sumu ya aflatoksini kwenye mahindi iliua watu 125 katika Makueni, Kitui na wilaya za jirani. Watu waliotoka wizarani na kwingine walilinganisha nyumba zenye wagonjwa na nyumba zisizo nao, wakapima mahindi, wakapima damu. Wengine walinung'unika kuhusu damu hiyo. Lakini kwa kulinganisha ndiyo ikajulikana kwamba mahindi yaliyowekwa yakiwa na unyevu ndiyo yaliyoua.

Yaliyofanyika Mombasa na kwingine

Sasa Mombasa. Wanawake walikuwa 310, wote wanaofanya biashara ya ngono, na wote hawakuwa na virusi vya ukimwi walipoanza. Kila mwezi, kwa muda wa hadi mwaka mmoja, kundi moja lilimeza gramu 2 za metronidazoli pamoja na miligramu 150 za flukonazoli, ambayo ni dawa ya fangasi. Walimeza palepale kliniki, muuguzi akiona. Kundi la pili walimeza vitupu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Vajinosisi ilipungua karibu nusu: mahali ambapo kundi la vitupu lilipata mara 100, kundi la dawa lilipata kama mara 55. Na wale vijidudu walinzi walionekana zaidi kwa waliomeza dawa. Fangasi, kwa upande mwingine, haikupungua kiasi cha kutosha kusema ni dawa iliyofanya.

Baadaye likafanyika jaribio lingine, hapa Kenya na katika mji wa Birmingham huko Marekani. Wanawake 234. Safari hii hawakumeza, waliingiza dawa ukeni usiku, siku 5 mfululizo kila mwezi, mwaka mzima. Ilikuwa metronidazoli na mikonazoli pamoja. Matokeo yalitoka mwaka 2015. Kila walipokuja kupimwa, waliotumia dawa walikutwa na vajinosisi asilimia 21.2 ya safari, na wale wa vitupu asilimia 32.5.

Tuyatazame vizuri hayo, maana ndiyo mzizi wa swali letu. Dawa ilisaidia, hakuna ubishi. Lakini mtazame pia upande wa pili. Mama anaweka dawa usiku tano kila mwezi, mwaka mzima, anafuatwa na madaktari, anapimwa kwa darubini, na bado safari moja kati ya tano anakutwa nayo. Mtu anayewaambia kwamba kuna kidonge cha kumaliza neno hili anauza kitu.

Huko Rakai walienda mbali zaidi. Kuanzia mwaka 1994 waliingia nyumba kwa nyumba kila baada ya miezi 10, wakawapa watu wazima wote dawa tatu pamoja, metronidazoli ikiwa moja yao, bila kuuliza nani mgonjwa. Trikomonasi ilipungua, kaswende ilipungua. Lakini maambukizi mapya ya virusi vya ukimwi yalibaki sawa na ya vijiji ambavyo havikupewa. Mwanza, Tanzania, kabla ya hapo walifanya namna nyingine: walitengeneza zahanati, wakafundisha wauguzi kutibu vizuri magonjwa ya zinaa kwa anayekuja na dalili, wakahakikisha dawa haziishi. Matokeo ya mwaka 1995 yalionyesha maambukizi mapya yakipungua kwa karibu asilimia 40. Wataalamu wamebishana miaka mingi kwa nini Mwanza walifaulu na Rakai hawakufaulu, na sababu moja wanayoitaja ni kwamba janga lilikuwa limefika hatua tofauti katika sehemu hizo mbili. Sisi hatuingii kwenye ubishi huo, ila tunasema zahanati yenye dawa na muuguzi aliyefundishwa si kitu kidogo.

Kuhusu wajawazito habari zimegongana. Marekani walitibu wajawazito ambao walikuwa na vajinosisi bila dalili, karibu 2,000 katika jaribio lile, na kuzaa kabla ya siku hakukupungua. Matokeo hayo ni ya mwaka 2000. Lakini Rakai, wajawazito waliopewa dawa za magonjwa ya zinaa walizaa watoto wenye uzito mzuri zaidi. Huko walipewa dawa tatu kwa pamoja, sasa utasema ni ipi iliyosaidia? Kwa hivyo mjamzito mwenye dalili aende kliniki atibiwe, asisubiri, lakini pia asijinunulie.

Nanyi akina baba

Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba vajinosisi ni shida ya mwanamke peke yake. Wanaume walipewa vidonge katika majaribio kadhaa, na wake zao wakaendelea kurudiwa vilevile. Basi mambo yakaachwa hapo.

Nairobi walijaribu njia nyingine. Watafiti walichukua wenzi zaidi ya 200. Akina mama walikuwa na vajinosisi na walitibiwa. Nusu ya wanaume wakapewa jeli yenye spiriti wajipake kwenye uume. Mtu angefikiri ni jambo la busara, kuua vijidudu kabla havijafika. Matokeo ya mwaka 2011 yalikuwa kinyume: wake wa wanaume waliopaka jeli walirudiwa zaidi kuliko wale wengine. Hebu fikirini, kama isingejaribiwa kwa makundi mawili, leo mngekuwa mnauziwa jeli hiyo sokoni Kibwezi, na kila mtu angeapa kwamba inafanya kazi.

Halafu Kisumu, watafiti waliwafuata wenzi 168. Waligundua kwamba vijidudu vilivyoko kwenye uume wa mwanamume vinaweza kuonyesha mapema ni mke gani atapata vajinosisi ndani ya mwaka unaofuata. Hiyo ilikuwa mwaka 2020. Akina baba mmesikia? Mwanamume mwenyewe haumwi, haoni kitu, na hajatoka nje. Lakini vijidudu anavyo.

Na mwaka 2025 yakatoka matokeo ya Australia, wenzi 164 wasio na wapenzi wengine. Wanawake wote walitibiwa. Nusu ya wanaume pia walitibiwa, kwa vidonge vya metronidazoli na krimu ya klindamaisini ya kupaka kwenye uume, mara mbili kwa siku kwa siku saba. Baada ya wiki 12, wanawake ambao waume wao hawakutibiwa walikuwa wamerudiwa 63 kati ya 100. Wale ambao waume wao walitibiwa, 35 kati ya 100. Tofauti ilikuwa kubwa hata jaribio likasimamishwa mapema, kwa maana haikuwa haki kuendelea kuwanyima wengine.

Hii ni habari njema, na sisi tunaiamini. Lakini kuna neno la kuongeza. Wengi wa wanaume wa Australia hawakuwa wametahiriwa. Kwetu, kama mnavyojua, hilo ni jambo tofauti kabisa. Tohara yenyewe, huko Rakai, ilionekana kupunguza vajinosisi kwa wake wa waliotahiriwa. Kwa hivyo mtu hawezi kuchukua namba za Australia na kuzipanda Makueni kama zilivyo. Mbegu iliyozaa vizuri Kitale si lazima izae Kathonzweni. Lazima ijaribiwe kwa wanaume kama wetu.

Wakati huo, mama akirudiwa mara ya pili na ya tatu, twende kliniki wawili. Baba asimtume mama peke yake na kusubiri nyumbani na maswali. Muulizeni daktari waziwazi, "Sisi wote wawili tunaweza kutibiwa?" Ile karatasi ya kumwita mume ambayo mama hupewa kliniki imeleta vita katika nyumba nyingi, kwa sababu baba anaisoma kama kesi ya mahakama. Tena kwa vajinosisi hakuna anayeweza kusema nani alianza.

Sasa turudi kwenye sanduku

Jibu letu ni kwamba kikundi kisinunue mkebe wa vidonge. Tunasema hivyo tukijua mtu ataondoka hapa na hasira.

Kwanza, wanawake wa majaribio walipimwa kabla ya kuanza na wakaendelea kupimwa. Siku ya mkutano wenu hakuna darubini. Mtawapa dawa wenye vajinosisi, wasio nayo, wajawazito wa mwezi wa kwanza ambao hawajijui, na wanaomeza dawa nyingine. Na mwenye kisonono atameza, harufu itapungua kidogo, atafikiri amepona, huku ugonjwa unapanda kwenye kizazi.

Linalotutisha zaidi ni saratani ya mlango wa kizazi. Hiyo nayo huleta majimaji yenye harufu, na damu isiyo ya mwezi, au damu baada ya kukutana na mume, au damu kwa mama aliyekoma hedhi. Mama kama huyo akipewa vidonge vya kikundi miezi sita, ni miezi sita imepotea. Hatuwezi kumrudishia.

Halafu kuna usugu. Dawa ikimezwa ovyo na watu wengi, vijidudu huizoea. Metronidazoli ndiyo tunayotegemea kwa amiba na kwa trikomonasi pia, na haina mbadala nyingi kwenye zahanati zetu.

Na hata ikifanya kazi, itafanya kazi kwa muda unaomeza tu. Sanduku likikauka, nanyi mnajua mwezi wa tisa na wa kumi kabla ya mvua sanduku linavyokauka, mnarudi mlipoanza.

Basi hizo pesa zifanye nini? Sisi tungezitumia kwa nauli. Kikundi kiwe na fungu dogo la kumpeleka mwanachama mahali penye maabara, Wote, Makindu, Mwingi au Kitui mjini, yule aliyerudiwa baada ya kumaliza dawa vizuri. Akifika huko aombe kuangaliwa kwa ndani na kupimwa majimaji, na papo hapo aombe kuchunguzwa mlango wa kizazi. Safari moja, kazi mbili. Anayepewa dawa ya siku saba, kikundi kimkumbushe siku ya tatu, kwa maana hapo ndipo watu huacha. Mambo ya pombe wakati wa kumeza, fuateni agizo la kliniki.

Na kuna jambo halihitaji pesa kabisa, nalo ni kuacha kuosha ndani. Tunajua akina mama wanatumia sabuni, chumvi, ndimu, dawa za kusafishia vidonda, na majani ya kienyeji. Mama akisikia harufu anaosha, akiosha anawaondoa walinzi, harufu inarudi na nguvu, anaosha zaidi. Mombasa, katika uchunguzi wa miaka 10 uliotoka mwaka 2006, wanawake zaidi ya 1,200 walifuatwa. Waliokuwa wakiosha ndani kwa maji waliambukizwa virusi vya ukimwi mara mbili na zaidi kuliko wasioosha, na waliotumia sabuni karibu mara nne. Hilo halikuwa jaribio la kuokota namba, kwa hivyo pengine kulikuwa na mambo mengine ndani yake, lakini sisi linatutosha. Maji yetu tunayachota kwa kata kwenye mchanga wa mto Tiva. Yaoshe nje tu, na yanayobaki yanywe mbuzi.

Watafiti wakija kwenu

Kama tulivyosema, mambo ya waume bado yanahitaji kujaribiwa kwa watu kama sisi, na siku moja gari linaweza kusimama uwanjani kwenu likitafuta wenzi wa kujiunga. Msikimbie, na msikimbilie. Waulizeni kibali cha kamati ya maadili, na leseni ya NACOSTI, na kwa kuwa ni dawa, kibali cha Bodi ya Dawa na Sumu. Mtu wa haki hakasiriki akiulizwa hivyo, anafungua mfuko anaonyesha. Akisema mzee wa kijiji amekubali kwa niaba yenu, mwambieni mzee ana ruhusa ya kufungua mkutano tu. Kukubali kuingia ni kwa kila mtu mwenyewe, mume hawezi kumsainia mke, wala mwenyekiti hawezi kuwasainia wanachama.

Maelezo yasomwe kwa Kikamba au Kiswahili mnachokielewa, na asiyejua kusoma awe na shahidi wake. Ulizeni nitapimwa nini, damu yangu inaenda wapi, nikiumia kwa sababu ya dawa nani analipa hospitali, na jaribio likiisha na dawa ikawa nzuri, sisi tutaipata au itauzwa kwingine? Hilo la mwisho watu husahau kuliuliza. Na mtu ana haki ya kutoka siku yoyote bila kunyimwa matibabu ya kawaida.

Mama mmoja alisimama hapo akasema, "Lakini Sista, mume wangu akinikuta na hizo karatasi za utafiti?" Hilo ni swali la kumuuliza mtafiti kabla ya kusaini, mahali pa faragha. Jaribio linalofaa huwa na njia ya kutunza siri, na kama lenu halina, kaa nyumbani.

Yaliyobaki tutayajibu mmoja mmoja chini ya mwembe. Wenye vitabu vya kliniki wavilete. Akina baba, mnaweza kuja pia, na hakuna haja ya kusema ni rafiki yenu ndiye mwenye swali.